Chumba cha Bibi

Majirani walimwita Hivi Karibuni, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa afisa uhusiano wa shirika la maji, yaani kazi yake ilikuwa kueleza kwa nini bomba limekauka. Kila maji yalipokatika, sauti yake ilitoka redioni, nzito, imepakwa mafuta: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, huduma ya maji imesitishwa kwa muda. Huduma itarejea hivi karibuni. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Usumbufu wenyewe ulikuwa umeshajitokeza zamani, umeoga kwa kikombe na kwenda zake kazini. Lakini yeye aliutangaza kama mgeni ambaye bado yuko njiani.

Ubaya wa kazi ya namna hiyo ni kwamba inamfuata mtu nyumbani. Ukimwuliza taa ya jikoni ataibadilisha lini, anakwambia suala hilo linashughulikiwa. Ukimwuliza alikuwa wapi tangu jioni, sababu zote ziko nje ya uwezo wake. Mkewe, Mama Pacha, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa ameshazoea. Mtu anayeshinda akisikia wanawake wakipiga kelele za uchungu hababaishwi na maneno ya mwanamume aliyevaa tai. Alimwacha aseme, kisha taa akaibadilisha mwenyewe.

Jambo moja tu Mama Pacha alikataa katakata liwe la hivi karibuni, nalo lilikuwa jambo la mama yake.

Mama huyo aliishi nao. Wale pacha, wasichana wawili wenye midomo kama cherehani, walimwita Bibi kama wajukuu wote wanavyoita bibi zao, na nyumba nzima ikafuata. Baba mtu akamwita Bibi, mlinzi wa getini akamwita Bibi, hata muuza mboga akipita chini alipaza sauti, "Bibi, leo nikuletee?" Ilibidi apaze sauti, kwa maana Bibi alikuwa juu, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa tundu lililojaa maboksi. Na magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma.

Siku ya kliniki alishushwa kwa kiti cha plastiki. Mlinzi anashika miguu ya mbele, Hivi Karibuni anashika ya nyuma, wanateremka naye kama watu wanaohamisha kabati, huku wapangaji wakitoka milangoni na kusema, "Pole Bibi, pole sana." Bibi alifumba macho njia nzima kwa aibu. Alikuwa mwanamke aliyelima shamba lake mwenyewe, akalea watoto kwa jembe lake, na sasa ardhi aliikanyaga kwa ruhusa ya mlinzi.

Shamba lenyewe ndilo lililofungua mlango wa nyumba mpya. Hivi Karibuni alikuja siku moja na kijitabu chenye picha za nyumba zinazong'aa, za ghorofa moja juu, unanunua zikiwa bado kwenye karatasi, kampuni inakujengea. Tatizo lilikuwa malipo ya kuanzia. Wakazungumza wee, wakakuna vichwa. Bibi akasikiliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha, kisha akasema, "Mimi shamba silifikii tena. Liuzeni. Ila mnipe chumba cha chini. Nataka nikifungua mlango nikanyage udongo bila kubebwa na mtu."

Hivi Karibuni alisimama, jamani, akaweka mkono kifuani. "Bibi," akasema, "chumba cha chini ni chako. Nikienda kinyume, niitwe mbwa mbele ya watu."

Mama Pacha aliyameza maneno hayo kama dawa chungu inayosemekana inaponya. Shamba likauzwa.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na kiyoyozi cha kugandisha maziwa. Katikati ya chumba, ndani ya kisanduku cha kioo, palikuwa na nyumba ndogo ya mfano: paa jekundu, majani ya kijani ya plastiki, gari dogo la plastiki, na familia ya plastiki imesimama mlangoni ikitabasamu. Hivi Karibuni aliinama pale akaiangalia mpaka kioo kikaota ukungu wa pumzi zake. Aliyewapokea alikuwa msichana mmoja mchangamfu, kucha ndefu, kalamu sikioni, aliyejitambulisha kuwa yeye ndiye wa mauzo. Mama Pacha akamwita Dada wa Mauzo, na akabaki na jina hilo hadi mwisho.

"Hapa kwetu mteja ni mfalme," akasema Dada wa Mauzo. "Ramani ya msingi ni hii. Lakini vyumba vya kulala tunavipanga jinsi unavyoishi wewe. Wewe sema tu nani analala wapi, mchoraji wetu anakata na kushona kulingana na mwili wako."

Ndipo simu ya Mama Pacha ikalia. Wodini kumechafuka, wenzake wawili wamezidiwa, aje upesi. Akanyanyuka, akamvuta mumewe kando. "Baba Pacha, usisahau chumba cha mama. Hicho kwanza, mengine baadaye."

"Mke wangu, nenda kazini. Hapa umemwacha mtu wa maneno."

Na kweli alimwacha mtu wa maneno! Yaliyofuata Mama Pacha aliyapata baadaye kwa Dada wa Mauzo mwenyewe, neno kwa neno. Hebu tuyaweke hapa hapa, tusije tukapoteana. Kuna kitu kimoja tu cha kujua. Huko alikokulia Dada wa Mauzo, bibi ni mke wa mtu. Unasema "bwana na bibi" na kila mtu anajua umesema mume na mkewe. Mama wa mama wao humwita nyanya.

"Haya kaka," akasema, "chumba cha chini tumpe nani?"

"Cha chini ni cha bibi."

"Cha bibi." Akaandika. Kisha akanyanyua kichwa. "Na bwana?"

"Bwana juu, kama kawaida."

Dada wa Mauzo akaishusha kalamu polepole. "Kwa hiyo bibi... hatakuwa anapanda huko juu?"

"Apande wapi, dada yangu! Mambo ya kupanda yameisha zamani. Na usiku akianza kukoroma, nyumba nzima hatulali. Aachwe huko chini apumzike."

"Pole sana, kaka."

"Aa, tumeshazoea. Lakini mimi sitaki lawama. Chumba chake kiwe kizuri, kipana, bafu lake ndani, asibanwebanwe. Watu wasije wakasema nimemtupa."

"Na yeye mwenyewe amekubali?"

"Amekubali? Yeye ndiye aliyeomba! Kwa mdomo wake!"

Dada wa Mauzo alikuwa na mchumba, harusi ilikuwa karibu, na maneno hayo yalimchoma. Akafungua ukurasa mwingine. "Na wewe kaka, chumba chako kiweje?"

Sasa hapo, mtu mwenye akili angesema: mimi na mke wangu tunataka hivi na hivi. Lakini Hivi Karibuni alikuwa amekunja nne, kahawa ya bure mkononi, msichana mzuri anamsikiliza, na katika hali hiyo mwanamume husema mambo ya kupendeza badala ya mambo ya kweli. "Mimi?" akacheka kwa madaha. "Mimi niwekee cha kawaida tu. Mimi si mtu wa makuu."

Dada wa Mauzo akaandika: bwana, si mtu wa makuu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na huyu bwana ulimi ndio uliomweka mjini.

Ramani ilipokuja, ilitandazwa juu ya meza ya kulia, ikakandamizwa pembe kwa vikombe. Mistari ya buluu, maandishi madogo ya kuumiza macho. Mama Pacha alikuwa ametoka zamu, miguu imevimba, lakini kabla hajavua viatu aliinama akatafuta chini. Akakiona: CH. CHA BIBI. Moyo ukashuka mahali pake. Akamwita mama yake, akaweka kidole chake juu ya maandishi. "Mama, ona. Jina lako hilo." Bibi hakuwa na miwani, akagusa tu ile karatasi kwa kiganja kizima.

Kisha Mama Pacha akapandisha macho ghorofani. Palikuwa na chumba cha pacha, kikubwa, na kando yake kijisanduku kimeandikwa CH. CHA BWANA.

"Baba Pacha, hiki cha bwana ndicho chetu?"

"Ndicho."

"Mbona wameandika bwana peke yake? Mimi je?"

Hivi Karibuni akamtazama kwa huruma, kama anavyowatazama waandishi wa habari. "Mke wangu, hiyo ni lugha ya kitaalamu. Watu wanasema chumba cha masta, si ndiyo? Na masta kwa Kiswahili ni nini? Bwana! Hawa wametafsiri. Kampuni inayojali lugha hii."

"Mbona kinaonekana kidogo?"

"Hiyo ni ramani! Ramani hupunguza. Ungetaka waichore kwa ukubwa wake, tungeitandaza wapi?"

Pacha wakacheka, baba akatabasamu, akachomoa kalamu yake ya dhahabu ya kazini akatia sahihi kila ukurasa bila kusoma hata mmoja. Mama Pacha angeweza kubisha zaidi, lakini alichokuwa akikitafuta alikuwa amekipata. Cha kwake akakiacha. Wanawake wengi hufanya hivyo, halafu tunasema wana moyo mkubwa.

Basi nyumba ikajengwa, na kadiri ilivyopanda ndivyo na Hivi Karibuni alivyopanda. Jengo zima likajua habari za Chumba cha Bwana. Alimsimamisha kinyozi, alimsimamisha fundi viatu. "Wengine wana vyumba vya kulala," alimwambia jirani wa mlango wa pili, "mimi nina Chumba cha Bwana. Kiko kwenye ramani, kimeandikwa." Kampuni haikuruhusu wateja kuingia kwenye ujenzi, wasije wakaangukiwa na tofali, kwa hiyo alikuwa akienda kusimama nje ya uzio wa mabati Jumapili, mikono nyuma, akiitazama nyumba yake kwa tundu la msumari.

Huko kwenye tundu la msumari ndiko alikoanza kuona mambo. Siku moja alirudi, akala, akanawa, kisha akasema, "Kile chumba cha chini ni kikubwa sana. Dirisha lake tu ni kama la benki."

"Vizuri," akasema Mama Pacha.

"Vizuri, ndiyo. Ila najiuliza, mtu mmoja, mzee, atakifanyia nini? Mimi napata wageni wa kikazi. Ningekuwa na ofisi ya chini, pale pale..."

"Ofisi yako iko kazini."

"Kuna ile stoo chini ya ngazi. Ukiipaka rangi, ukaweka taa, inakuwa chumba kabisa. Nayo iko chini."

Mama Pacha akaweka kijiko mezani. "Baba Pacha. Chumba cha mama ni kipi?"

Naye, kwa sauti ya redioni: "Suala hilo linaangaliwa."

Loo! Mama Pacha usiku ule hakulala vizuri. Kwa upande mmoja wa ukuta mumewe alikuwa akikoroma, kwa upande mwingine mama yake, na yeye katikati akiwaza kwamba shamba limekwisha kwenda na halirudi, na kilichobaki cha mama yake duniani ni neno la mtu ambaye maneno ndiyo biashara yake. Bibi naye alikuwa ameshafunga kitenge chake na chombo kidogo cha mbegu za maua katika furushi, akaliweka chini ya kiti, tayari. Alilifunga tangu siku ile ya ramani.

Siku ya kukabidhiwa ikafika. Bibi akashushwa kwa kiti kwa mara ya mwisho. Wapangaji wakatoka, "Haya Bibi, kwaheri, usitusahau," na safari hii hakufumba macho. Alimwangalia kila mmoja usoni, mkono wake juu ya furushi.

Kampuni iliwapokea kwa utepe mwekundu mlangoni na zulia la kufutia miguu lililoandikwa KARIBUNI. Pacha wakalisoma, wakatazamana, wakaanguka kwa kicheko. "Baba, wamekuandika jina lako! Tukufutie miguu?" Baba mtu alijifanya hakusikia. Dada wa Mauzo alikuwepo na mkasi na funguo, naye akamsalimia Mama Pacha kwa upole wa ajabu, akimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu aliyefika msibani. Nyuma yao wabeba mizigo wawili walikuwa wameshateremsha godoro kubwa, wameliweka vichwani, wanasubiri kuambiwa liende wapi.

Wakaanzia chini. Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba: BIBI. Mama Pacha akaufungua mlango, akasimama. Jamani, chumba! Madirisha mapana, kabati la nguo la ukuta mzima, kioo kirefu kimezungushiwa taa, meza ya vipodozi yenye kiti cha mviringo, bafu la kulala mtu kwa urefu wake na vigae vya waridi. Upande wa pili mlango wa kioo, na nje ya mlango huo, bila ngazi hata moja, udongo. Bibi akaingia na fimbo yake, akazunguka, akajiona kwenye kile kioo chenye taa. "Mwanangu," akasema, "wamenichukulia kuwa bi harusi."

Hivi Karibuni alikuwa ameshaanza kupumua kwa pua. "Kama cha Bibi kiko hivi," akasema, "basi cha Bwana!" Akapanda ngazi mbilimbili, wabeba mizigo nyuma yake na godoro, pacha nyuma ya godoro.

Hatua zao zikasikika juu. Halafu godoro likasikika likigonga kitu. Halafu mbeba mizigo mmoja akasema, "Mzee, haliingii."

Mama Pacha akapanda. Mlangoni kibao cha shaba: BWANA. Ndani, kitanda cha mtu mmoja kimejengewa ukutani, chembamba, cha mtu anayelala ubavu. Misumari mitatu ya kutundikia nguo. Kijidirisha kinachotazama tangi la maji la jirani. Na Hivi Karibuni katikati, mikono imening'inia, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hana tamko.

"Dada!" akapata sauti hatimaye. "Dada wa Mauzo! Hiki nini?"

Dada wa Mauzo akaja, uso umeiva. "Ni kama ulivyoagiza, kaka."

"Mimi? Mimi niliagiza jela?"

"Ulisema si mtu wa makuu."

"Na mke wangu atalala wapi? Juu ya misumari?"

"Chini, kaka." Akateremsha sauti, akimtazama Mama Pacha kwa jicho la pembeni. "Si ulisema mwenyewe bibi hapandi tena juu? Kwamba anakoroma? Kwamba yeye ndiye aliyeomba? Kusema kweli mimi niliumia sana. Nilimwambia mchoraji, jitahidi, huyu mama apate angalau kioo kizuri."

Mama Pacha akamtazama Dada wa Mauzo, akamtazama mumewe, akatazama kile kibao. Ikamwingia. Akauliza taratibu, "Dada, kwenu mama wa mama yako mnamwitaje?"

"Nyanya."

Basi! Mama Pacha alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akashika mbavu, machozi yakamtoka, na wabeba mizigo wakaanza kucheka bila kujua wanachekea nini, na godoro likatikisika vichwani mwao. Sauti ya Bibi ikapanda kutoka chini, "Kuna nini huko?" na pacha wakapiga kelele kwa pamoja, "Bibi, baba amekuoa!"

Lingeishia hapo lingekuwa jambo la kuchekesha tu, watu wakasimuliana. Lakini mtu wa maneno akiumbuka, kwanza hutafuta neno la kujifunika. Hivi Karibuni alishuka ngazi akiwa ameshalipata, wote wakimfuata na godoro. Alinyoosha tai yake. Alisimama katikati ya kile chumba cha chini, mbele ya kioo chenye taa, akakohoa.

"Sawa," akasema. "Hakuna tatizo. Mkataba ni mkataba. Hapa pameandikwa bibi, na kampuni yenyewe imethibitisha kwamba bibi ni mke. Kwa hiyo kisheria hiki ni chumba cha mke wangu. Na alipo mke ndipo alipo mume. Leteni godoro."

Mama Pacha alikuwa amefika chini, machozi ya kicheko hayajakauka. "Na mama?"

"Bibi ana stoo. Nilimwahidi chini, na stoo iko chini. Ahadi ni deni, nami nalipa. Kile cha juu nitakifanya ofisi."

Wabeba mizigo wakatazama sakafu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mviringo, furushi mapajani. Hakumtazama mkwe wake. Aliinuka kwa fimbo, magoti yakilia, akasema, "Hata stoo ni sawa, baba. Mimi si mtu wa kukaa sana." Na akaanza kutembea, hatua fupifupi, kuelekea kwenye ngazi, kule kwenye mlango mdogo usio na dirisha.

Hapo kicheko cha Mama Pacha kilikufa. Alikuwa amewahi kuona hasira za kila aina wodini, za wakwe, za waume, za madaktari, lakini ya kwake mwenyewe hakuwahi kuiona yote kwa mpigo. Alimwona mama yake akienda kujizika chini ya ngazi kwa adabu, shamba limeuzwa, jembe limeuzwa, na furushi la mbegu mkononi. Akamwahi, akamshika bega. "Mama, rudi ukae."

"Mwanangu, msigombane kwa ajili yangu."

"Hatugombani. Tunasoma ramani." Akageuka. Sauti yake ilikuwa ya wodini, ile ya kumwambia mtu asukume. "Baba Pacha. Bibi maana yake nini?"

"Nimeshasema. Mke."

"Sema vizuri, mashahidi wasikie."

Hivi Karibuni alikuwa ameshainusa harufu ya ushindi, na mtu akiinusa hiyo haoni shimo. Akawageukia wabeba mizigo, akamgeukia Dada wa Mauzo, akanyoosha mkono kama yuko kwenye mkutano. "Bibi ni mke. Chumba hiki ni cha mke wangu. Kwa mujibu wa ramani, kwa mujibu wa mkataba, na sahihi yangu ipo!"

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nanyi kaka zangu?"

"Tumesikia," wakasema chini ya godoro.

"Vizuri. Basi chumba ni changu, na mwenye chumba ndiye anayechagua wa kulala naye." Akawaelekeza kwa kidole. "Godoro liwekeni pale, karibu na mlango wa kioo. Ni la watu wawili. Mimi nalala upande wa ukuta, mama analala upande wa bustani."

Hivi Karibuni akacheka kidogo, kicheko cha kupima kina cha maji. "Na mimi?"

"Wewe una chumba. Kimeandikwa kwa shaba. Wengine wana vyumba vya kulala, wewe una Chumba cha Bwana. Si ndivyo ulivyomwambia jirani?"

"Mama Pacha, acha utani mbele ya watu."

"Na nyinyi pacha," akasema bila kumjibu, "baba yenu alimwapia Bibi kitu kabla shamba halijauzwa. Alisema akienda kinyume aitwe nani mbele ya watu?"

Pacha walifungua midomo, kwa mara ya kwanza maishani wakaifunga bila kusema. Mama yao akawashika vichwa. "Basi, msiseme. Ni baba yenu. Inatosha kwamba anakumbuka."

Alikumbuka. Ilionekana shingoni. Mtu yule alikuwa ameuambia mji mzima kwamba maji yanakuja na hajawahi kuona haya, lakini pale mbele ya godoro na wanaume wawili wasiojua pa kuangalia, masikio yake yalianza kuwaka. Alichukua begi lake la kazini. Wabeba mizigo wakampisha. Alipofika ngazi ya kwanza aligeuka, na sauti yenyewe haikuwa na mafuta tena, ilikuwa ya mtu wa kawaida anayetaka kujua.

"Mpaka lini, Mama Pacha?"

Mama Pacha alikuwa anatazama kwingine. Mlango wa kioo ulikuwa umefunguliwa. Wakati wote wanabishana, Bibi alikuwa ameweka fimbo kando, ameshika fremu kwa mkono mmoja, amevua kandambili, na sasa alikuwa amesimama nje kwa miguu yake mwenyewe, nyayo zote mbili kwenye udongo. Hakuna aliyembeba. Alikuwa ameshafungua furushi, anachagua mahali pa kuanzia, na alikuwa akilia bila sauti wala haraka.

Mama Pacha akajifuta macho kwa kiganja. Ndipo akamgeukia mumewe, akaiweka sauti yake sawasawa, nzito, imepakwa mafuta.

"Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu," akasema, "huduma imesitishwa kwa muda. Itarejea hivi karibuni. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."